USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA: JINSI YA KUTUNZA GARI KUUKUU NYUMBANI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wengi husema gari kuukuu ni hasara tupu. Mimi nasema hasara huletwa na uzembe, na mzembe mmoja ni mimi mwenyewe.

Mzee wangu ana pikapu aina ya Peugeot 504. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka wa 1968, nayo ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Si gari dhaifu hata kidogo! Mbona basi letu liligoma?

Kwa siku tatu, nikienda shule asubuhi, niliona doa la maji chini ya gari. Nikanyamaza. Siku ya nne tulipeleka kabeji Nairobi. Tulipokuwa tukipanda kurudi Limuru, mshale wa joto nao ukapanda. Mvuke ukafuka. Mimi kwa haraka nikafungua kifuniko cha rejeta, nusura nichomeke uso, kisha nikamwaga maji baridi. Kumbe nimeua injini! Silinda hedi ilipasuka. Pikapu lilikaa wiki sita, kabeji zikaoza shambani, nami nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Fundi alinieleza hivi. Kifuniko cha rejeta huzuia presha, kwa hivyo maji huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua ghafla, maji hugeuka mvuke na kuruka. Nayo silinda hedi ya 504 ni ya alumini. Ikimwagiwa maji baridi ingali moto, husinyaa upande mmoja, ikapindika au kupasuka. Dawa ni kuzima injini na kungoja ipoe kabisa.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla gari halijawashwa, mimi hufanya haya:

1. Huchungulia chini ya gari. Doa la maji latoka kwa rejeta au paipu zake; doa jeusi mara nyingi ni oili.

2. Huangalia maji ya rejeta, injini ikiwa baridi.

3. Hupima oili, gari likiwa mahali tambarare. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi pia ni makosa.

4. Hubonyeza fenibelti katikati kwa kidole gumba. Ikibonyea sana imelegea. Ikiwa na nyufa ibadilishwe. Ndiyo inayozungusha pampu ya maji.

5. Hutazama betri. Maji yafunike bamba zote, na uongeze maji ya betri, si ya mfereji.

6. Hutazama mafuta ya breki. Yakipungua, usiongeze tu ukaenda zako. Mwite fundi, maana breki si kitu cha kujaribia.

Tahadhari: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Jeki huteleza.

Kazi hii yote hainichukui dakika kumi, wala haihitaji pesa. Mzee hajanigombeza hadi leo kuhusu lile doa, kwa sababu sikuwahi kumwambia. Labda ataisoma hapa. Baba, nisamehe. Nanyi wenzangu, mkiona doa, semeni!

Kwaherini.