Musawo Jinja, Mwanafunzi Mbale: Mafunzo Niliyopata

Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari Mbale, yule wa nyuma kabisa katika kundi linalozunguka vitanda na madaftari mkononi. Wenzangu wana miaka 22 au 23, wananiita Mama. Ijumaa usiku nikishuka kwenye taksi Jinja (taksi ya Uganda ni ile ambayo Mkenya anaiita matatu), hata mchoma mahindi wa stendi ananiita Musawo, yaani daktari, na kunionyesha jipu la mwanawe.

Mimi ni tabibu mwenye diploma, na kwa miaka minane nimeendesha kliniki ya vyumba vitatu Walukuba, ule mtaa wa wafanyakazi uliojengwa na Waingereza enzi Jinja ilipokuwa ikijiandaa kwa viwanda na umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Watu wa kila kabila walirundikana pale, ndiyo maana nimekua nikiongea Kiswahili mlangoni na Kisoga jikoni. Chuo Kikuu cha Busitema kilipoanzisha kitivo cha afya Mbale mwaka 2013, nilisema hilo ni jambo la vijana. Miaka ikapita, na mimi nikajaza fomu. Ada inalipwa na kliniki. Kwa hiyo kuifunga haikuwezekana, na kuiacha ijiendeshe yenyewe haikuwezekana pia.

1. Mkono mwepesi unaweza kukunyima somo

Wiki ya kwanza wodi ya watoto nilijidai. Kupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji ni kazi niliyoizoea, mara nyingine kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Basi kila kanula ngumu nikaikimbilia mwenyewe. Nilisifiwa, nikavimba kichwa. Wenzangu walibaki kando ya kitanda wakisikiliza mgonjwa anavyojadiliwa, mimi nikiwa chumba cha sindano nikijifanya shujaa.

Siku moja daktari bingwa alinisimamisha mbele ya mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akihema kwa kina, kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. "Mama, sindano unaijua. Sasa niambie, kwa nini anapumua hivi?" Nikasema nimonia. Akasubiri. Nikasikiliza mapafu, yalikuwa safi. Nikasema labda pumu. Akasubiri tena. Binti mmoja wa miaka 22, asiyeweza kuweka kanula hata kwenye mkono wa mwendesha boda, akajibu kwa sauti ndogo: asidi. Malaria ilikuwa imeijaza damu ya mtoto asidi, na mwili ulikuwa unahangaika kuipunguza kwa kuhema. Niliwaza ni watoto wangapi wa namna hiyo niliwachoma seftriaksoni Walukuba, nikawaandikia nimonia na kujiona hodari.

2. Simu haipimi mgonjwa

Hili ni fupi. Mwanzoni muuguzi wangu alikuwa ananitumia picha za vipele na rekodi za vikohozi katikati ya mzunguko wa wodi, nami najibu kwa kujificha nyuma ya pazia. Nikawa sipo Mbale wala Jinja. Sasa tuna saa moja ya simu, saa moja usiku. Kabla ya hapo, mgonjwa anaamuliwa na aliye mbele yake, au anapelekwa hospitali.

3. Kliniki huona mwanzo, wodi huona mwisho

Usiku wangu wa tatu wa zamu aliletwa mtoto na kikaratasi cha rufaa kutoka kliniki fulani. Kiliandikwa: malaria kali, ametibiwa, tafadhali endeleeni. Basi. Ametibiwa kwa dawa gani? Saa ngapi? Kiasi gani? Artesuneti ya sindano hutolewa kwa uzito, na ratiba yake ni mara ya kwanza, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Bila saa ya dozi ya kwanza, tulibaki kumhoji bibi yake, ambaye alikumbuka tu kwamba kuku walikuwa wameshaingia bandani.

Kilichonichoma ni kwamba ningeweza kuapa kuwa ule ulikuwa mwandiko wangu. Haukuwa, lakini maneno yalikuwa yangu. Nimeandika vikaratasi kama hivyo sijui mara ngapi, kisha nikanawa mikono na kumwita anayefuata.

Sasa barua zetu zina uzito wa mtoto, dawa, dozi, saa, na rangi ya mkojo. Rangi ya mkojo nimejifunza Mbale. Huku mashariki kuna watoto wanaokojoa mkojo mweusi kama koka-kola baada ya chembe za damu kupasuka kwa wingi. Zamani nikiambiwa mkojo umekuwa mweusi nilisema mtoto hanywi maji ya kutosha, nikamshauri mama ampe juisi. Wengine kati ya watoto hao walihitaji damu siku hiyohiyo.

Na kuna vichwa. Mbale ndiko iliko hospitali ya watoto ya CURE, ambako Mmarekani Benjamin Warf alifanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuendeleza upasuaji unaowawezesha watoto wengi wenye maji kichwani kuishi bila mpira wa kudumu wa kuyatoa. Yeye na wenzake walionyesha kuwa kwa watoto waliowaona hapa Uganda, zaidi ya nusu walipata tatizo hilo baada ya maambukizi, mengi yakiwa ya siku za kwanza za maisha. Mimi nimetibu homa za vichanga wengi. Homa ikishuka, mama analipa, tunaagana. Siku hizi nina futi ya fundi cherehani mezani, na kichanga aliyewahi kuugua anarudi kila mwezi kupimwa kichwa, bure. Baadhi ya kina mama wanadhani namshonea kofia.

4. Dripu inalipa

Hapa ndipo mfuko na darasa vilipokabana koo. Walukuba mtu haji kuuliza anaumwa nini. Anakuja kusema, "Musawo, niwekee dripu." Dripu inaonekana. Inaning'inia, inadondoka, jirani anaiona dirishani. Kidonge hakina heshima hiyo. Sitadanganya: dripu ndizo zilinilipia muhula wa kwanza.

Kumbe hospitali ninakozungukia wodi ni mojawapo ya zile sita za Uganda, Kenya na Tanzania zilizofanya utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, na upande wa Mbale ukisimamiwa na Peter Olupot-Olupot. Walichunguza watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Wengine walimiminiwa maji mengi kwa haraka mshipani, kama vitabu vilivyokuwa vikielekeza. Wengine walipewa taratibu tu. Matokeo yalitoka mwaka 2011 na kuwashangaza watafiti wenyewe: katika saa 48, waliomiminiwa walikufa zaidi ya asilimia 10, na wasiomiminiwa asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Watoto wa kuhara hawakuwemo, na mtu asije akamnyima maji mtoto wa kuhara kwa kunisoma mimi. Lakini yule wa malaria, mweupe viganja, anayehema, ndiye niliyekuwa namfungulia dripu mpaka mwisho ili mama aone kazi inafanyika.

Jumamosi moja nilimkatalia mama mmoja ninayemfahamu tangu utoto. Mwanawe alikuwa na malaria ya kawaida, anakula, anacheza na kamba ya pazia. Nikampa vidonge. Akanitazama kwa huruma. "Jamani Musawo, hiyo shule inakusomesha au inakusahaulisha?" Akavuka barabara kwenda kliniki ya pili. Kutoka kibarazani kwangu niliiona chupa ikipandishwa dirishani. Mwezi ule mapato yalishuka. Ada haikushuka.

5. Barabarani lala

Jinja hadi Mbale ni kama kilomita 150: Iganga, unaingia kushoto Nakalama, Namutumba, mashamba ya mpunga, kinamasi cha Mpologoma, Kamonkoli, kisha ukuta wa mwamba wa Wanale unakusimamia mbele. Saa tatu, taksi ikiwa na bahati. Nilijaribu kusoma famakolojia njiani, nikaambulia kichefuchefu. Na mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti, usipange chochote kwa saa. Ni msimu wa imbalu, Wamasaaba wanatahiri vijana wao, na msafara wa ngoma ukiingia barabarani hata mwenye mtihani anasubiri. Nimeshasubiri, nikacheza kidogo.

6. Mlangoni pawe na jina la aliyemo ndani

Kwa miaka hii ya masomo leseni yangu ilining'inia ukutani Jinja, mimi nikiwa Mbale. Kila mwaka naihuisha kwa baraza la taaluma yetu, karatasi zote safi, lakini mtu aliyeingia Jumatano akisoma jina langu alihudumiwa na mwingine. Tabibu niliyemwajiri ana leseni yake na ni mwangalifu kuliko mimi, bado wagonjwa walimuuliza, "Musawo mwenyewe anarudi lini?" na wengine waliondoka. Nilikuwa nimemfanya kivuli nyumbani kwangu.

Mwezi uliopita nilimwita mchoraji wa vibao wa mtaani. Alikuja na habari tayari, kasikia nasomea udaktari, na alishapima nafasi ya kuandika "Dkt." mbele ya jina langu, kwa rangi nyekundu. Nikamwambia bado mwaka na nusu, kisha mwaka wa mafunzo kazini, na mitihani katikati. Akasema rangi ikikaa muda mrefu inakuwa ghali. Nikampa jina la mwenzangu aliandike juu, na langu chini yake, bila chochote mbele. Akapanda ngazi akinung'unika kwamba kibao kizuri kama hiki tunakiharibu, nami nikaenda stendi, maana taksi ya saa kumi ilikuwa imebakiza kiti kimoja.