Wanaosomea Kusimamia Ujenzi Wanakwenda Ng'ambo Kujifunza Nini?



Kila mwaka, majira ya joto yanapofika katika nchi za kaskazini, yaani kati ya Mei na Agosti, vyuo vikuu kadhaa vya Marekani huwapeleka wanafunzi wao nchi za nje kwa wiki chache. Miongoni mwao wamo wanaosomea usimamizi wa ujenzi. Hao si waashi, wala si wachoraji wa ramani za nyumba. Wanasomea kazi ya yule anayekaa katika ofisi ya mkandarasi na kuamua kazi ipi ianze na ipi ifuate, watu wangapi waitwe, saruji ifike siku gani, na fedha kiasi gani zitumike. Kwa kifupi, wanasomea ukubwa wa kazi.

Mwenzetu wa kiwandani au wa shamba la chai atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Kiwanda kikiongezwa ghala, paa la banda la kukaushia majani likibadilishwa, kambi ya wafanyakazi ikijengwa, anayepanga kazi ile ni mtu mwenye elimu ya namna hii. Afadhali tujue anafundishwa nini.

Tuchukue mfano wa wale wanaokwenda London. Kwanza wanakuta vipimo vigeni. Kwao ramani huandikwa kwa futi na inchi, na Uingereza huandikwa kwa milimita. Pili wanakutana na mkadiriaji majengo, mtaalamu wa kuhesabu vifaa na gharama tangu msingi hadi paa. Sisi tunamfahamu, maana Waingereza waliiacha kazi hiyo Afrika Mashariki na hadi leo inafundishwa. Marekani kazi yake imegawanywa kwa watu wengine. Mambo haya mwanafunzi huyazoea upesi.

Somo zito ni la sheria. Mwaka 1974 Uingereza ilipitisha sheria ya afya na usalama kazini. Kanuni za mwaka 1977 zikaongeza jambo kubwa kwetu wana vyama: chama kinachotambuliwa na mwajiri kinaweza kuteua wajumbe wa usalama kutoka miongoni mwa wafanyakazi. Mjumbe ana haki ya kukagua mahali pa kazi, kuchunguza ajali, na kupata mafunzo bila kukatwa mshahara. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 inampa mfanyakazi haki ya kumwita mkaguzi wa serikali, lakini sheria hiyo ya taifa zima haina mjumbe wa namna hii anayeteuliwa na chama. Kwa hiyo kijana aliyelelewa na vitabu vya Marekani anaweza kumwona kwa mara ya kwanza fundi wa kawaida mwenye haki ya kumwuliza meneja maswali na kujibiwa.

Tuendelee mbele kidogo. Mwaka 1992 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilitoa agizo juu ya usalama wa kazi za ujenzi. Ndani yake waliandika kwamba katika zaidi ya nusu ya ajali za ujenzi katika nchi zao, uamuzi mbaya wa wachoraji au mipango mibaya kabla ya kazi kuanza ulichangia. Hapa tunaomba msomaji asimame na kusoma tena. Zaidi ya nusu! Maana yake hatari mara nyingi huandikwa ofisini, juu ya meza, na aliyeiandika hapandi ngazi. Sisi kwetu kibarua huambiwa "angalia usianguke," kana kwamba ukuta ule ulijiinua wenyewe usiku.

Uingereza ilitekeleza agizo lile kwa kanuni za mwaka 1994, ambazo zimerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho kubwa ikiwa 2015. Mwenye mradi ana wajibu wake, mchoraji ana wake, mkandarasi ana wake. Mchoraji anatakiwa ajiulize: mtu atalijengaje hili bila kufa? Na baadaye atalisafishaje, atalitengenezaje?

Je, inawezekana, au ni maneno ya karatasi tu? Tuangalie kazi mbili.

Ya kwanza ni njia ya reli iliyochimbwa chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, iliyofunguliwa mwaka 1994. Wafanyakazi 10 walikufa katika ujenzi wake, na 8 kati yao walikuwa Waingereza. Ya pili ni viwanja vya michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012, vilivyojengwa mashariki ya London mahali palipokuwa na viwanda vya zamani na udongo wenye sumu. Watu wapatao 46,000 walipita katika kazi ile kwa miaka kadhaa. Walioumia walikuwapo, lakini hakuna aliyekufa kwa ajali ya kazi katika kujenga viwanja hivyo.

Ilifanyikaje? Chukua ukumbi wa mbio za baiskeli. Paa lake limeshikwa na wavu wa kamba za chuma. Badala ya kuwatundika mafundi juu wakiunganisha kipande kwa kipande, wavu ulitandazwa na kuunganishwa chini, kisha ukainuliwa. Kazi nyingi ya juu ikawa kazi ya chini. Hakuna kofia ngumu wala mkanda unaoweza kushindana na mtu kusimama ardhini. Tena kulikuwa na zahanati papo hapo kazini. Ilipoonekana kwamba wengi wanaanza kazi bila kula, wakaanza kuuziwa uji wa bei nafuu asubuhi. Uji, ndugu zangu! Sisi tunaochuma chai tangu alfajiri na matumbo matupu hatuhitaji profesa wa kutueleza sababu.

Jambo moja linatutia shaka. Katika ziara za namna hii wenyeji wa wanafunzi huwa ni wahandisi na mameneja. Wanaonyeshwa ratiba ya kazi, ile karatasi yenye mistari inayoonyesha kila kazi inaanza lini na kuisha lini. Mstari ukifupishwa kwa siku tatu, ofisini ni wino tu. Kwa mtu wa zege ni usiku tatu bila kulala vizuri, na mchovu huanguka upesi. Saa moja ya kukaa na mjumbe wa usalama chini ya kiunzi ingemfaa kijana huyo kuliko kupiga picha majengo kumi. Chuo kinachotuma wanafunzi na chama kinachowapokea wangeweza kuipanga saa hiyo bila gharama yoyote.

Nasi tusingoje wanafunzi wa ng'ambo. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unahusu usalama katika ujenzi. Unasema mfanyakazi ana haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa ya papo kwa papo, na kumwarifu msimamizi wake mara moja. Kwa majirani zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama.

Kazi ya kikundi cha masomo mwezi huu ni hii. Chagueni jengo moja linalojengwa au kutengenezwa mahali penu pa kazi. Ombeni kuonyeshwa ramani na ratiba yake. Mkinyimwa, andikeni nani amewanyima na kwa sababu gani. Mkipewa, tafuteni kazi moja inayofanyika juu ambayo ingeweza kufanyika chini, na siku moja katika ratiba ambayo watu wamebanwa mno. Mwiteni fundi mmoja wa pale awaeleze, hata kama si mwanachama. Majibu yaingizwe katika daftari la tawi na kusomwa katika kikao kijacho, kabla ya meneja kualikwa.