Weka Kilicholowa Juu: Somo kwa Mwenye Mradi wa Mwaka wa Mwisho

 



Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi. Wenzangu wa uhandisi wakiona kwamba nimeandika juu ya mradi wa mwaka wa mwisho watacheka, na wana haki. Lakini Novemba iliyopita nilikaa karibu wiki tatu Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, nikimshikia daftari ndugu yangu aliyekuwa akikamilisha mradi wake wa shahada ya uhandisi mitambo. Niliyoyaona kule yalinirudisha kwenye vitabu vya hadithi na fiqhi kuliko mihadhara mingi niliyoihudhuria, na nimeona niyaandike kabla ya wenzetu wa mwaka wa nne hawajaanza hekaheka zao.

Nchelenge iko mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Mto Luapula unaingia ziwani upande wa kusini, na maji yanatoka kaskazini, karibu na Pweto, kwa mto Luvua kuelekea Kongo. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 5,100. Upande wa pili ni Kongo, na wafanyabiashara wanaovuka kutoka huko huzungumza Kiswahili chao cha Katanga, kwa hiyo mgeni kama mimi hakukosa wa kuongea naye. Ndani ya ziwa kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa, na ng'ambo kuna mji wa Kilwa pia. Mtu wa pwani akisikia jina hilo husimama kidogo.

Riziki ya watu wengi pale ni samaki mdogo aitwaye chisense. Ni kama dagaa wetu. Huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi akinamama humwanika juu ya mchanga, na jua likiwa zuri jioni anakuwa amekauka. Mvua ikija, hasara. Hata isipokuja, mchanga unaingia, inzi wanatua, kuku na mbuzi wanapita. Mradi wa ndugu yangu ulikuwa kikaushio cha jua: chanja za wavu zilizoinuliwa kutoka ardhini, juu yake kifuniko cha plastiki angavu, hewa inaingia chini na kutokea juu.

Niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni kazi ya seremala wa mchana mmoja. Alinikalisha chini akanifanyia hesabu, nami nairudia hapa kwa sababu ndani yake ndimo lilimofichika kosa lake la kwanza. Chukua kilo 10 za chisense wabichi, ukadirie kwamba asilimia 75 ya uzito wao ni maji. Maji ni kilo 7.5, samaki mwenyewe ni kilo 2.5. Ukitaka abaki na unyevu wa asilimia 15, zile kilo 2.5 zinakuwa asilimia 85 ya uzito wa mwisho, yaani utabaki na kilo 2.9 hivi. Basi lazima uondoe kilo 7.1 za maji. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke hula nishati ya karibu megajuli 2.4, kwa hiyo unahitaji megajuli 17. Siku ya jua zuri, mita moja ya mraba hupokea kama megajuli 18, lakini kikaushio rahisi hakinufaiki nazo zote. Ukichukua robo, ni 4.5. Gawa 17 kwa 4.5. Unahitaji karibu mita 4 za mraba ili kilo 10 zikauke kwa siku moja.

Pendekezo lake lililopitishwa chuoni lilikuwa na mita 2. Alikuwa amechukua vipimo vya kikaushio cha matunda kutoka kwenye ripoti ya mtu mwingine, akabadilisha jina la kinachokaushwa.

Hapa nilimkumbuka Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefariki karibu mwaka 1040, mwenye kitabu mashuhuri cha elimu ya mwanga, Kitaab al-Manaadhir. Wanahistoria wanasimulia kwamba aliwahi kusema angekuwa Misri angeyadhibiti maji ya Mto Nile. Khalifa wa Kifatimi, al-Hakim, akamwita na kumpa watu na mali. Akapanda na mto mpaka kusini ya Aswan. Njiani akaona majengo makubwa ya watu wa kale, akajiambia kwamba watu wenye ujuzi huu, lau jambo lile lingewezekana, wangekwisha kulifanya. Alipofika mahali penyewe akaona kweli hapafai. Akarudi kukiri. Kisha kwa kumhofu al-Hakim akajifanya mwendawazimu, akakaa hivyo mpaka khalifa yule alipoondoka duniani mwaka 1021. Sasa, msimamizi wako wa mradi si al-Hakim. Huna haja ya kujitia wazimu. Ukifika mahali pa kazi ukakuta pendekezo lako halisimami, mwandikie siku hiyo hiyo. Ndugu yangu aliandika, akapunguza mzigo ukawa kilo 5 kwa mita zile zile 2, na msimamizi akamjibu kwa mstari mmoja tu: sawa, eleza sababu kwenye sura ya tatu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo vitabu vyake havikumwambia. Chisense huvutwa na taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, zile siku nyeupe tunazofunga sunna, mitumbwi mingi ilibaki ufukoni. Nikawa mimi, mtu wa fiqhi, ndiye mwenye kalenda ya majaribio! Na juu ya hilo, uvuvi wa Mweru hufungwa kisheria kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Toa siku za mbalamwezi, toa siku za mawingu, hesabu ya kurudi nyuma kutoka Desemba mosi ikatuachia majaribio manne. Aliyepanga kazi yake akiwa bwenini kwa kalenda ya chuo peke yake angefika ziwani akute nyavu zimekunjwa.

Nije kwenye neno "binafsi". Chuo kinakwambia mradi ni kazi yako binafsi, na baadhi yetu tunaelewa kwamba kuomba msaada ni aibu. Wengine tunaelewa kwamba ilimradi jina letu liko kwenye jalada, yatosha. Tazama kisa cha Dhul-Qarnayn katika Suratul-Kahf, aya ya 94 mpaka 97. Watu walimtaka awajengee kizuizi kwa malipo. Malipo hakuyahitaji, lakini nguvu zao aliziomba, na vyuma waliletewa mkononi na wao wenyewe. Ujuzi na uamuzi vilikuwa vyake. Ndugu yangu alisaidiwa na seremala wa Kashikishi, na akinamama waliomfundisha kugeuza samaki, na mimi niliyeandika namba. Wote aliwataja. Sisi tunaosoma hadithi tunaijua adabu hii kwa jina la isnadi: umesikia kwa nani, naye kwa nani. Anayenunua mradi uliokwisha kuandikwa, na sote tunajua zinakouzwa, amekata isnadi na kuweka jina lake mahali pa mwingine. Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye kujipamba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo, hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim.

Suala la fiqhi lilizuka siku ya pili. Mama mmoja, mfanyabiashara kutoka ng'ambo, alijitolea kumpa ndugu yangu ndoo ya chisense awakaushe bure, kila mtu afaidike. Nikamzuia. Jaribio ni jaribio. Samaki wakiungua au wakioza, nani analipa? Ukiwachukua kama amana, wanachuoni wanasema hudhamini ila ukizembea, na je, kumweka samaki wa mtu kwenye chombo ambacho bado hujui kama kinafanya kazi si uzembe? Ukiwa kama fundi anayepokea mali za watu, wametofautiana, imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.) kwamba aliwadhamanisha mafundi kwa maslahi ya watu, ingawa sanad yake imesemwa. Nikamwambia: nunua samaki wako, ujitoe kwenye khitilafu. Akanung'unika kwa ajili ya mfuko wake, akanunua. Yule mama alicheka akasema wanafunzi wa siku hizi wanaogopa hata zawadi.

Ikaja siku ya jaribio la tatu.

Mizani ilikuwa ikisoma uzito kila saa. Saa saba mchana trei ya katikati ilikuwa imeshuka vizuri, na mstari kwenye karatasi ulikuwa unateremka kama ule wa jaribio la pili. Saa nane kasoro mvua ikapiga kutoka ziwani. Tulikimbia, lakini kifuniko kilikuwa kimeungwa bapa, maji yakajikusanya juu, mshono ukaachia. Samaki wakalowa. Mizani nayo ikalowa, ikazima mpaka asubuhi. Vipimo vinne vikakosekana: saa nane, saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Asubuhi trei ilikuwa nzito kuliko jana yake saa saba, na baadhi ya samaki walikuwa wameanza kunuka.

Usiku ule, kwenye taa ya chumba tulichopanga, aliniuliza kama kuna ubaya kuchora mstari uendelee pale ulipoelekea. Jaribio la pili lilionyesha tayari nini kingetokea. Siku zilikuwa zimekwisha. Msimamizi alikuwa mbali, na mvua haina shahidi.

Nisijifanye walii. Jibu langu la kwanza lilikuwa: jaza tu, akhi, ni namba nne.

Baada ya Isha sikupata usingizi. Hadithi ninayoijua tangu madrasa, ambayo nimeshaifanyia mtihani, ilikuwa mbele yangu mchana kutwa nami sikuiona. Abu Hurayra (R.A.) anasimulia, na Muslim ameipokea katika Sahihi yake, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka, naye akajibu kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisha akasema maneno mazito juu ya mwenye kughushi kwamba si katika yeye.

Zingatia, ndugu yangu, kwamba muuzaji yule hakuiloweka nafaka. Mvua iliinyeshea. Kuhusu mvua hakulaumiwa hata kidogo. Alilaumiwa kwa mpangilio wa rundo. Nilimwamsha ndugu yangu nikamwambia: jedwali lako ni rundo, na mtahini ni mnunuzi. Hatakutia hatiani kwa mvua. Na fikiri anayefuata, mwanafunzi wa miaka miwili ijayo atakayejenga kikaushio kwa kuamini kwamba kifuniko bapa kilimaliza majaribio manne bila kuvuja. Samaki watakaooza siku hiyo watakuwa wa mtu, na huenda hakuwanunua yeye.

Alikaa kimya sana. Kisha akaandika kwa kalamu ya wino kwenye safu zile nne: hakuna kipimo, mvua, kifuniko kilivuja, mizani ilizima. Akaongeza uzito wa asubuhi kama ulivyo.

Mwezi Februari alitetea mradi. Ananiambia mtahini wa nje alipitisha kidole moja kwa moja mpaka kwenye safu zile, akazipa dakika kumi kati ya ishirini. Maji kiasi gani yaliingia? Mshono ulikuwa wa aina gani? Kwa nini kifuniko hakikuwa na mteremko? Alijibu aliyoyajua. Walimkata alama kwa usanifu wa kifuniko, na kwa haki, kwa sababu mteremko ungemgharimu mbao mbili tu. Amefaulu kwa daraja la kati. Kama angechora ule mstari huenda angepata zaidi. Sitaki kuwadanganya kwamba ukweli huongeza alama kila mara.

Kikaushio tulikiacha ufukoni. Upepo ulichana plastiki kabla hata hatujaondoka, na yule mama wa ng'ambo akauliza kama anaweza kuchukua kilichobaki. Plastiki hakuihitaji. Alizitaka chanja, ili aanike juu ya mchanga badala ya ndani yake, na ndugu yangu alimwuzia kwa bei ya mbao. Safari hii mama ndiye aliyekataa zawadi.

Wallaahu a'alam.