Lori Likigonga Ukuta Wako, Usianze Kuzoa Kifusi

Malori yanayoingia viwandani Baba Dogo, Nairobi, hupita karibu mno na kuta, vibanda na nguzo za stima. Breki zikikataa, ukuta huanguka, dereva huanza kukusihi mmalizane papo hapo, na majirani huanza kuokota mawe. Wazuie kwanza. Lakini kama kuna mtu chini ya kifusi au waya wa stima uko wazi, uhai unatangulia.

Piga picha lori likiwa palepale: nambari ya usajili, ya trela pia, cheti cha bima kwenye kioo cha mbele, alama za matairi, na ufa wa kila nguzo iliyobaki wima. Mwambie mtu asimame kando ya pengo ili ukubwa wake uonekane. Kisha nenda kituo cha polisi mwenyewe, hata kama dereva ameahidi kuripoti. Pata nambari ya OB (kitabu cha matukio), na baadaye ufuatilie abstrakti ya polisi.

Wengi hupoteza pesa kwenye usafishaji. Hudai mawe na saruji, wakasahau gari la bradauni, vijana wa mkokoteni, gari la kumwaga kifusi na mlinzi wa usiku wakati ua uko wazi. Yote hayo ni gharama za ajali. Lipa kwa M-Pesa ubaki na ujumbe, au chukua risiti yenye sahihi. Hata serikali hudai gharama za usafishaji: meli iitwayo Dali ilipoangusha daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, Marekani, tarehe 26 Machi 2024, serikali iliondoa mabaki ili bandari ifunguke, kisha ikadai gharama. Oktoba mwaka huohuo wenye meli na wasimamizi wake walikubali kulipa karibu dola milioni 102. Anayeweka hesabu ndiye anayeweza kudai.

Geti lililopondeka ukiliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, andika bei na uitoe kwenye dai lako. Kama kilichogongwa ni daraja la waenda kwa miguu, usiguse chuma hata kimoja: ni mali ya umma, na mamlaka ya barabara ndiyo itakayomdai mwenye lori.

Kuhusu bima, jihadhari. Ile ya lazima kisheria inahusu vifo na majeraha, si ukuta. Mara nyingi mkataba huongeza mali ya watu wengine, hadi kiwango fulani. Kwa hiyo barua ya madai mwandikie mwenye lori, nakala kwa kampuni ya bima, ukiambatisha makadirio ya fundi. Usitie sahihi karatasi yoyote ya kumaliza madai kabla fundi hajakagua msingi.

Mwenye lori akikataa kulipa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Sheria inakupa miaka 3, lakini fungua mapema: mashahidi wako ni wapangaji, na wapangaji huhama.