Somo la Kikundi: Kuchagua Buti la Ngozi Linalostahimili Mlima



Somo letu la safari hii ni viatu. Huenda mmoja wenu akauliza, "Kwani viatu navyo ni maendeleo?" Ndiyo, ni maendeleo. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon, kutoka Endebess na Saboti hadi Kaptama na Kopsiro, tunatembea sana. Kuna mama anayeteremsha viazi kwenda soko la Chwele. Kuna mchungaji anayefuata ng'ombe huko juu Chepkitale. Kuna vijana wanaobeba mizigo ya wageni kuelekea kilele cha Koitobos, chenye urefu wa mita 4,222. Mguu ukiteguka, kazi inasimama na nyumba nzima inasikia.

Tena kuna jambo la afya. Mlima wetu ni volkano ya zamani. Udongo mwekundu wa volkano una chembe ndogo sana zinazopenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Kwa watu wengine, baada ya miaka mingi, miguu huvimba na kuwa mizito. Haya ni matende, lakini si yale yanayoletwa na mbu. Daktari Ernest Price aliuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi huko Ethiopia. Mwaka 2001 wataalamu walichapisha habari za matende yasiyotokana na mbu katika wilaya ya Kapchorwa, upande wa Uganda wa mlima huu huu. Kinga yake si ngumu: vaa viatu tangu utotoni, na osha miguu kwa sabuni kila siku.

Basi, tuchague kiatu gani?

1. Piga hesabu ya miaka, si ya siku ya soko

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kiatu cha kubandikwa kwa gundi ni shilingi 800, nacho kinakwisha kwa miezi 4. Kwa miaka 3 utanunua jozi 9, yaani shilingi 7,200. Tuseme buti la ngozi ni shilingi 3,000, nalo linadumu miaka 3 ukilipeleka kwa fundi mara mbili kwa shilingi 500. Jumla ni shilingi 4,000. Umebaki na shilingi 3,200. Weka bei za soko lenu mwone wenyewe. Rahisi huwa ghali.

2. Ijue ngozi

Ngozi ya ng'ombe ni nene, kwa hiyo viwandani huipasua matabaka. Tabaka la juu, lenye vitundu vya manyoya, ndilo lenye nguvu. Tabaka la chini ni dhaifu, na mara nyingi hupakwa rangi nzito lipendeze. Likilowa na kukunjwa mara nyingi, rangi hiyo inabanduka.

Kunja kiatu kwa kidole. Ngozi nzuri hutoa mikunjo midogo midogo kama ngozi ya mgongo wa mkono wako. Kisha tafuta mahali ilipokatwa, kwa mfano ukingo wa ulimi. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi zilizoshikana. Ukiona kitambaa chini na plastiki juu, hiyo si ngozi, hata muuzaji akiapa.

Chagua buti lenye vipande vichache. Kila mshono ni mlango wa maji.

3. Tazama soli

Buti la kudumu ni lile ambalo fundi anaweza kulitengeneza. Soli iliyoshonwa kwa uzi pande zote hufumuliwa na kuwekwa nyingine. Lakini angalia vizuri: viatu vingine vina mshono wa uongo, alama tu zilizochapwa kwenye mpira. Inua kitambaa cha ndani, au geuza kiatu, uone kama uzi umepita kweli.

Soli iwe na meno marefu ya kushika matope, na kisigino kiwe na ngazi. Wakati wa kuteremka, ngazi hiyo ndiyo breki yako.

4. Jihadhari na mitumba iliyokaa

Mitumba ya Kitale na Bungoma ina mabuti mazuri, tena imara. Lakini mengine yana soli ya povu, ile laini na nyepesi. Povu hilo huliwa na unyevu wa hewa pole pole, hata kama kiatu hakijavaliwa. Buti linaonekana jipya, halafu soli inamomonyoka kama mkate mkavu ukiwa katikati ya njia. Libonyeze kwa ukucha na ulikunje kwa nguvu kabla ya kulipa. Ukiona nyufa au unga, liache hapo hapo.

5. Lijaribu jioni

Jioni miguu huwa imevimba kidogo. Vaa soksi nzito. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kiingie. Kisha funga kamba, teremka mahali penye mteremko. Vidole vikigonga mbele, usinunue. Ngozi hutanuka kwa upana, lakini kwa urefu haiongezeki. Buti lifunike kifundo cha mguu, na ulimi uwe umeshonwa pande zote mbili ili matope yasiingie.

Na gamubuti je? Ni nzuri kwa shamba lenye maji. Kwa safari ndefu hazishiki kifundo, na mguu unalowa jasho.

6. Litunze

Osha matope, jaza magazeti ndani, kausha kivulini. Usiliweke karibu na jiko. Ngozi itasinyaa na kupasuka. Likikauka, lipake rangi ya viatu au nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo. Wafugaji wa nyuki tunao hapa hapa. Uzi ukikatika, mwone fundi wiki hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili

1. Mwaka jana kila mmoja wetu alitumia pesa ngapi kwa viatu?
2. Ni nani katika kikundi ambaye kazi yake inamhitaji buti kwanza? Je, mchango wetu wa mzunguko unaweza kumwanzia huyo?
3. Watoto wetu wanavaa viatu wakiwa shambani, au shuleni tu?

Kazi ya kufanya

Kabla ya mkutano ujao, mwalikeni fundi wa viatu wa soko lenu. Kila mmoja alete kiatu kilichoharibika. Fundi avifungue mbele yenu, awaonyeshe kilichoanza kufa ni nini: ngozi, uzi au soli. Mkienda kununua, nendeni wawili wawili, mmoja akiwa ameyaelewa haya vizuri.