Jina la Mtetezi

Mtu anayewatetea wanyonge huitwa mwema kabla ya kupimwa. Sisi twaona yafaa kumpima, si kwa nia ya kumwaibisha, bali kwa kuwa majivuno hupenda kujificha ndani ya kazi njema. Mwizi hasifiwi na mtu. Mtetezi husifiwa kila siku, na sifa hulevya. Hata katika kamati ya shule twawaona wenye kununa mara kazi inapofanikiwa mikononi mwa mwingine.

Tumtazame Robert Moses, Mmarekani mweusi, mwalimu wa hesabu kutoka New York. Mwaka 1961 alikwenda Mississippi kuwasaidia watu weusi kujiandikisha wapate kupiga kura. Huko alipigwa kichwani, akachuruzika damu, naye hakuiacha kazi. Hakupenda kuhutubia, aliwauliza wenyeji maoni yao, akawaachia wakulima na akina mama wasimame mbele. Ajabu ni kwamba upole huo ndio uliomletea sifa, na jina lake, ambalo ndilo la Musa, likazidi kumkuza. Mwishoni mwa 1964 alijiuzulu uongozi, akisema kwamba watu wameanza kumwegemea pasipo haja. Akaliacha jina la ukoo, akajiita Parris, jina la ukoo wa mama yake.

Je, hapo aliishinda nafsi yake? Yawezekana kusema kwamba kujitoa vile nako ni kujitazama mno. Maana mkulima wa Mississippi hakuhitaji usafi wa moyo wa kiongozi, alihitaji kura. Hoja hii ina nguvu, wala hatuipuuzi: mtu aweza kujivunia hata unyenyekevu wake. Wala hatusemi kwamba mtetezi angoje moyo utakate ndipo aanze. Atangoja mpaka kaburini, na wanyonge wataendelea kuonewa.

Lakini twatazama pia yaliyofuata. Tangu 1969 hadi 1976 Moses alifundisha hesabu Same, Upareni, nchini Tanzania, mbali na wapiga picha wa magazeti. Kweli, hakuondoka kwao kwa unyenyekevu tu: alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Aliporudi Marekani alianzisha mpango wa kuwafundisha aljebra watoto wa maskini, akaushika hadi uzeeni. Alifariki Julai 2021.