Neno «zote» ndani ya kontra ya kahawa

Ndugu wanakoperative, mnunuzi akituma kontra, macho yetu yanakimbia ku bei. Ni kawaida. Lakini shukeni mpaka mahali panasema: «Muuzaji ataheshimu sheria zote za export.» Sentensi ile iko fupi, na inaweza kula faida ya msimu muzima.

Tuanze na za kwetu. Kahawa haitoki inchini bila vyeti vya ONAPAC vya ubora na vya asili, kontrole ya OCC, cheti cha afya ya mimea na deklarasyo ku duane, yaani DGDA. Kila karatasi inaomba mtu wa kuitafuta na pesa ya kuilipa. Nani? Angalieni herufi tatu kando ya bei. Kama ni FCA Goma ao FOB Mombasa, formalite za export ni zenu. Kama ni EXW, ni za mnunuzi, na bei yake inakuwa chini sababu ya ile. Basi musilinganishe bei mbili kama herufi haziko sawa.

Sasa lile neno «zote». Linaweza kuvuta hata sheria za kule kahawa inaenda. Ile ya Umoja wa Ulaya, 2023/1115, inakataza kahawa na kakao ya shamba lililofunguliwa kwa kukata pori nyuma ya tarehe 31/12/2020, na inaomba GPS ya kila shamba. Shamba likipita hekta 4, munazunguka mipaka yake yote. Chini ya pale, pointi moja inatosha. Wengi wetu tuko chini. Ni kazi ya kufanya mbele ya mavuno, haiko wakati kamyo iko inangoja.

Kwa maoni yangu, mufute «zote», muandike karatasi kwa majina, na mbele ya kila jina nani anaitafuta, nani analipa. Muongeze: kama dosye iliwekwa kwa wakati na ofisi ikachelewa, tarehe ya kutoa kahawa inasogezwa bila amande. Kopi yenye muhuri na tarehe muichunge vizuri. Bila yenyewe hamuna cha kuonyesha, na wanachama wataendelea kungoja malipo yao.

Mnunuzi akikataa kuandika majina, muulizeni anafikiri sheria gani. Jibu lake muliweke ndani ya PV ya kikao mbele ya prezida kusaini.